Siku Aliyoilala Nyabenda

Katika kanisa la matete la Gatete, juu kidogo ya ziwa, kulikuwa na kitu kimoja ambacho padri aliagiza kiguswe na mtu mmoja tu. Hakikuwa kengele, maana kengele hawakuwa nayo. Waligonga jembe kuukuu lililoning'inia kwenye mchikichi wa mlangoni, na sauti yake ilifika hadi kwenye mashamba ya mihogo. Wala hakikuwa msalaba. Huo hata watoto waliushika wapendavyo. Kilikuwa kibao cha urefu wa mkono, kilichotobolewa matundu saba, na ndani ya tundu mojawapo kijiti. Tundu la kwanza lilichomwa kwa chuma cha moto likawa jeusi, na hilo ndilo Dominika. Juu ya hayo saba palikuwa na matundu manne madogo, ya Dominika nne za Majilio, ambayo kwa sehemu kubwa ya mwaka yalikaa matupu, buibui wakajenga humo.

Kila alfajiri kijiti kilihama tundu moja, na aliyekihamisha alikuwa Visenti Nyabenda, mkwezi wa michikichi.

Padri alimchagua kwa sababu iliyo wazi. Misheni ilikuwa milimani, mwendo wa siku tatu, na padri alishuka ziwani mara mbili tu kwa mwaka, baada ya Pasaka na kwa Noeli. Alitaka mtu asiyekosa asubuhi. Na kutoka Minago hadi Rumonge hakuna aliyemtangulia Nyabenda kuamka. Alizaliwa wa tisa kwa mama yake, na ndivyo jina lake linavyosema kwa Kirundi. Alipenda kueleza kwamba wale wanane waliomtangulia walimaliza usingizi wote wa nyumba ile, yeye akakuta chungu kitupu. Kabla ndege hawajalia alikuwa amekwisha kuzungusha kamba kwenye shina la mchikichi na kiuno chake, anapanda, panga mgongoni. Mikungu ya chikichi ilipoanguka, wanawake walijua ni wakati wa kuwasha moto. Kisha alishuka, akanawa mikono, akaingia kanisani na kuhamisha kijiti.

Alifanya hivyo miaka sita. Wakristo wa Gatete, kaya kumi na tisa, hawakujisumbua kuhesabu siku. Walilima mpaka jembe ligongwe, na likigongwa waliweka chini majembe yao wakaenda kuoga.

Hiyo ilikuwa miaka ya Mdachi, na ilikuwa miaka ya malale. Ugonjwa ule ulitoka kwenye vichaka vya ufukweni, kwa mbung'o, hivyo ndivyo daktari Mdachi alivyosema, na serikali ikafyeka vichaka, ikahamisha watu, ikajenga kambi karibu na maji, na ua wa miti kuizunguka. Wasaidizi wa daktari walipita vijijini wakipapasa watu shingo. Aliyekutwa na tezi zilizovimba alichukuliwa kambini akadungwa sindano, mwezi baada ya mwezi. Wengine walirudi wazima. Wengine walirudi hawaoni. Wengine walizidi kulala, mpaka usingizi ukawakatalia kurudi. Watu wa Gatete, wakipita njia ya kambi, walivuka upande wa pili na kuziba pua, kana kwamba usingizi ni harufu.

Dominika ya kwanza ya Majilio, Nyabenda alichomeka kijiti cha pili kwenye tundu dogo la kwanza, akatoa buibui kwa ukucha, akaenda kukaa mahali pake, benchi la mbele upande wa wanaume. Wanawake walikaa upande wa kushoto kwenye mikeka, na kati ya pande hizo mbili palikuwa na njia ambayo hakuna aliyeivuka wakati wa sala. Katekista wao, Mwalimu Ludoviko, mtu wa Karema aliyekuja na mtumbwi miaka mingi iliyopita akiwa na kitabu kimoja na suruali mbili, alifungua barua ya padri akaisoma polepole.

"Majilio haya," padri aliandika, "msiniandalie mbuzi tu. Kila Dominika, baada ya sala, kaeni mjiulize: sisi Wakristo wa Gatete tumetumwa hapa kufanya kazi gani pamoja? Nikifika siku ya mkesha wa Noeli nataka jibu moja, kutoka kinywa kimoja."

Watu walitazamana. Kinywa kimoja ndicho kitu ambacho Gatete haikuwahi kuwa nacho.

"Tuezeke kanisa," alisema mmoja. "Mwaka jana mvua iliingia mpaka kwenye kalisi ya Misa."

"Hiyo ni kazi ya nyasi," alisema Ludoviko. "Padri anauliza kazi ya watu."

"Basi tuwabatize Waislamu wa Rumonge," alisema mvuvi mmoja kijana, na wanawake wakaanza kucheka kabla hajamaliza.

"Anza na Mbaraka, fundi wa mitumbwi," Nyabenda akamwambia. "Mimi nilimpelekea habari ya Yesu miaka kumi iliyopita. Alinisikiliza vizuri, akanipa chai. Nilipotoka nilikuwa nimenunua mtumbwi."

Kanisa zima lilicheka, hata Ludoviko. Wakaahirisha mpaka Dominika ya pili. Nyabenda alipokuwa anatoka, mvuvi yule alimgusa bega. "Mzee, na hicho kitambaa shingoni? Joto hili lote?"

"Koo," alisema Nyabenda, akapita.

Halikuwa koo. Tangu mvua za kwanza alikuwa na vivimbe viwili nyuma ya shingo, kama kokwa za chikichi zilizo chini ya ngozi. Na lilikuwepo jambo jingine, lililomtia aibu kuliko vivimbe. Mchana, jua likiwa juu, macho yake yalifunga yenyewe. Mara moja alisinzia akiwa juu ya mchikichi, kamba ikamshika, akaamka akiwa amekumbatia shina kama mtoto aliyebebwa. Alikaa kule juu muda mrefu, moyo ukimwenda mbio, akalitazama ziwa. Hakuogopa kufa, au alijiambia hivyo. Aliogopa ua ule wa miti, na aliogopa asubuhi ambayo mtu mwingine angeingia kanisani kushika kijiti, na watu wakasema: kumbe hata Nyabenda analala.

Dominika ya pili, aliyesimama kusema alikuwa mke wake mwenyewe. Yustina alikuwa mwanamke mfupi, mkamuaji wa mawese, mwenye mikono iliyogeuka rangi ya dhahabu mpaka kwenye viwiko, na hakuwa na desturi ya kusema kanisani.

"Mimi nafikiri habari ya kambi," alisema. "Mule ndani iko watu wetu. Iko mutoto wa Mama Pelajia. Hakuna anayekwenda. Tukipeleka chakula kwa zamu, kaya kumi na tisa, kila kaya siku yake, hiyo ni kazi ya pamoja."

Mama Pelajia, mjane mzee aliyekaa karibu na mlango, aliinamisha kichwa. Binti yake wa pekee alichukuliwa kabla ya Pasaka.

Nyabenda alijikuta amesimama. "Mke wangu ana huruma nyingi, nyinyi wote mnamjua. Lakini tuseme ukweli. Tukienda na vikapu, wale wasaidizi wa daktari hawatatazama vikapu. Watatazama shingo. Tutakwenda kumi na tisa, tutarudi kumi. Hiyo ndiyo kazi tuliyotumwa? Kujipeleka wenyewe?"

Watu walinong'ona kwamba ana haki. Alipokaa, mkono wake ulikuwa umekwisha kupanda wenyewe kwenye kitambaa. Aliushusha. Ng'ambo ya njia, Yustina alikuwa anamtazama, si kwa hasira. Alimtazama kama alivyotazama chungu cha mawese kikiwa motoni, akingoja kitakachopanda juu.

Jumanne yake Yustina aliondoka kwenda Minago, dada yake alikuwa anakaribia kujifungua. "Nitarudi Ijumaa jioni," alisema. "Mbuzi nimemfunga nyuma ya nyumba. Mchukulie maji. Na usipande ule mchikichi mrefu."

"Kwa nini nisipande?"

"Kwa sababu nimekuomba."

Hakupanda. Jumatano alikata mikungu kwenye michikichi mifupi, akaenda kuhamisha kijiti, akarudi, akala kiporo cha ugali, akamfungia mbuzi mahali penye majani mengi. Jua lilipofika katikati alikaa kivulini nyuma ya nyumba, mgongo ukutani, mkungu wa chikichi kando yake, akisema atapumzika kidogo.

Alipofumbua macho jua lilikuwa limeinama kidogo tu kuelekea ziwani. Alifurahi: alilala muda mfupi. Kisha akasikia mbuzi. Alikuwa analia kwa sauti iliyokauka, na kuzunguka kigingi chake majani yote yalikuwa yameliwa mpaka udongo, duara kamili, kama kichwa kilichonyolewa. Nyabenda akatazama mkungu: siafu walikuwa wameujaa, wametengeneza njia yao toka kwenye ukuta. Akaingia ndani akatia mkono kwenye jivu la jikoni. Lilikuwa baridi kama udongo wa kaburini.

Alisimama na jivu mkononi. Mbuzi huyu ni mlafi, alijiambia. Na siafu ni wepesi. Na moto ule wa asubuhi haukuwa mkubwa. Alijibu kila kitu, kimoja kimoja, kama mtu anayeziba matundu ya paa akijua mvua tayari imo ndani. Alimpelekea mbuzi maji. Mbuzi alikunywa ndoo nzima akataka nyingine. Kesho yake alfajiri alihamisha kijiti kutoka Jumatano kwenda Alhamisi.

Jioni ile ile Yustina alirudi, kikapu kichwani, miguu ina vumbi la Minago. Dada yake alikuwa amejifungua mtoto wa kike.

"Umewahi," Nyabenda akamwambia. "Ulisema Ijumaa."

Yustina alishusha kikapu. Alitazama uso wa mume wake, akatazama duara la udongo kuzunguka kigingi cha mbuzi.

"Ndiyo," alisema. "Nimewahi. Umekula?"

Siku mbili baadaye, ambayo kwa kibao ilikuwa Jumamosi, watu wote walikwenda mashambani. Yustina hakwenda. Alioga mapema, akavaa nguo yake ya kanisani, akakaa mlangoni na rozari. Nyabenda alipomuuliza, alisema mgongo unamuuma. Kesho yake jembe lilipogongwa alivaa nguo ile ile tena, akaenda kusali na wenzake. Mumewe aliona ajabu kwamba mgongo umepona upesi hivyo.

Dominika hiyo ya tatu maneno yaliendelea. Safari hii waliounga mkono kambi walikuwa wengi zaidi. Mama Pelajia alikuwa amepita nyumba kwa nyumba, hakusema chochote, aliketi tu kwenye ua wa kila mtu mpaka mwenye nyumba akaona aibu. Waliobaki kupinga ni wanaume wachache, na walipinga wakimtazama Nyabenda. Yeye alisema yale yale. Alisema vizuri, na kila alivyosema vizuri alijichukia zaidi.

Siku nne baadaye alipeleka kibuyu cha mawese kwa Mbaraka, kule Rumonge, kama alivyofanya kila mwezi. Mbaraka aliyachanganya na utomvu kuzibia mitumbwi yake. Alimkuta fundi amesimama mlangoni, kanzu nyeupe, kofia mpya, miguu ingali na maji ya udhu. Hakuna mtumbwi uliokuwa unachongwa.

"Amahoro, Bwana Mbaraka. Leo hakuna kazi?"

"Amahoro, jirani. Kazi gani siku ya Ijumaa? Weka kibuyu hapo, mke wangu Zuwena atakipokea. Nimechelewa msikitini."

"Leo Alhamisi," alisema Nyabenda.

Mbaraka alicheka. "Sisi Ijumaa yetu hatuna kibao. Tunayo tangu enzi za Mtume, haijapotea hata moja." Kisha akakumbuka jambo, akacheka zaidi. "Lakini nyinyi mna mambo. Siku ya Dominika yenu iliyopita nilipita na mtumbwi, nikawaona wote mnalima. Wote. Nikamwambia Zuwena, leo Wakristo wamesilimu. Kesho yake, Jumatatu, tunasikia jembe, gong, gong. Mumehamisha sikukuu? Padri ameleta amri mupya?"

Nyabenda aliweka kibuyu chini. Aliona duara la udongo, aliona siafu. Aliona Yustina mlangoni na rozari, amevaa nguo ya kanisani, peke yake katika Gatete nzima akiitunza Dominika.

Mbaraka aliacha kucheka. Alimtazama yule mzee, akatazama kitambaa.

"Ndugu yangu Asmani alikuwa anafunga kitambaa vile," alisema polepole. "Alikifunga miezi mitatu. Sasa iko kambini. Ninakwenda kumuona kila wiki." Aliinama akachukua kibuyu mwenyewe. "Wanaopapasa shingo hawakupapasi ukienda kutazama mutu, kama hutaki. Mimi hawajanigusa. Niliogopa bure."

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu. Nyabenda alitembea akihesabu kwa vidole. Padri angefika Jumanne, mkesha wa Noeli, na angewakuta wanadhani ni Jumatatu, mbuzi hajachinjwa, watu wako mihogoni. Na wangeuliza ni nani. Lakini kulikuwa na njia. Kesho alfajiri, badala ya tundu moja, mawili. Nani angejua? Hakuna aliyehesabu. Walimwachia yeye hesabu, na mtu aliyeachiwa hesabu anaweza kurekebisha kitu kimya kimya, kama mama anavyoongeza maji kwenye mchuzi.

Alfajiri ya Jumamosi aliingia kanisani gizani, akang'oa kijiti, akakivusha tundu moja, akakichomeka. Kesho yake akagonga jembe.

Walikuja wote. Bibi mmoja tu alisema akipangusa miguu mlangoni kwamba wiki hii imekuwa fupi, na mvuvi yule kijana akamwambia, "Bibi, ni wewe umekuwa mrefu." Wakacheka, wakaingia. Ilikuwa imekwisha. Nyabenda alichomeka kijiti kwenye tundu dogo la nne, akakaa kwenye benchi la mbele, na akaona kwamba amepona.

Baada ya sala Ludoviko alikunja mikono. "Leo ndiyo Dominika ya mwisho. Jumanne padri yuko hapa. Waliopinga wamebaki wachache, nao wamesema watamfuata Mzee Nyabenda. Padri anataka kinywa kimoja. Mzee, tunakungoja wewe."

Kabla hajajibu, Mama Pelajia alisimama kule nyuma. Ilikuwa mara ya kwanza kwake kusema Majilio yote.

"Simushindani na Mzee," alisema. "Ninataka tu kuwaambia jambo moja. Jana nilikwenda. Nilikaribia ua, nikamwita mutoto wangu, akaja. Hakuomba chakula. Aliniuliza, mama, Dominika imekwisha kupita? Anasema mule ndani watu wanalala mchana, wanaamka usiku, siku zimechanganyika. Wakristo wanasali kila mutu siku yake. Anasema wiki tatu hawajui kama wako mu Majilio." Alifikiri kama kuna kingine, akaona hakuna. "Ni hivyo tu." Akakaa.

Nyabenda alitazama kibao ukutani. Matundu manne madogo yalikuwa safi, hayana buibui. Alifikiri juu ya watu wale wote nyuma ya ua, kila mmoja na duara lake la udongo, na hakuna mtu wa kuwaambia leo ni lini. Na yeye, mtu pekee ziwani aliyepewa kazi hiyo, wiki mbili nzima alikuwa akisimama mbele ya watu akiwazuia wasiende huko.

Alifungua kitambaa. Vidole vyake vilikuwa vizito, fundo lilichukua muda, na watu walingoja wakidhani anajifuta jasho.

"Wiki haikuwa fupi bure," alisema. "Bibi ana haki. Jumatano ile Yustina alipokuwa Minago nililala nyuma ya nyumba, nikaamka Alhamisi. Nikaificha. Dominika iliyopita niliwagongea jembe Jumatatu. Na jana nimewaibia siku nyingine ili mahesabu yalingane." Akageuka, akawaonyesha nyuma ya shingo yake. "Ndiyo maana sikutaka mwende."

Kisha benchi lililia: aliyekuwa kulia kwake alisogea, na wa kushoto alisogea, wala hawakufanya kwa ubaya, miili yao ilisogea yenyewe. Nyabenda alibaki katikati ya benchi peke yake.

Yustina alisimama kwenye mkeka. Aliivuka ile njia ya katikati, ambayo hakuna mwanamke aliyeivuka tangu kanisa lilipojengwa, akakaa kwenye benchi la wanaume, kando ya mume wake, bega kwa bega.

"Nilijua," alimwambia, si kwa kunong'ona. "Nililala Minago siku tatu, nikahesabu. Nilikuwa nakungoja."

"Ungeniambia."

"Ungekataa. Ungemsingizia mbuzi."

Mtu fulani akacheka, kicheko kifupi kilichomtoka bila kutaka, na pumzi ikarudi kanisani. Ndipo sauti zikaanza. "Kwa hiyo mimi Dominika nilitwanga mihogo?" mwanamke mmoja aliuliza. "Magunia mawili?" Mwingine alikuwa amepara samaki. Mvuvi alitaka kujua kama samaki wa Dominika waliliwa halali, maana wote walikwisha kula. Wakamgeukia Ludoviko, na Ludoviko, ambaye kitabu chake hakikuwa na ukurasa wa jambo hili, alikuna kidevu.

"Tulisali Jumatatu tukidhani ni Dominika," alisema mwishowe. "Mungu alikuwepo Jumatatu pia. Hayo mengine nitamwachia padri." Akatazama benchi la mbele. "Lakini Mzee bado hajajibu swali."

"Twende," alisema Nyabenda. "Mimi sitarudi, lakini twende. Na nipeni ruhusa ya kuwa na kibao kule."

Walikwenda kesho yake, Jumatatu, kaya kumi na tisa, vikapu vya mihogo na dagaa, vibuyu vya mawese, na jembe la kanisani. Hawakuvuka upande wa pili wa njia. Mlangoni msaidizi wa daktari alimpapasa Nyabenda shingo mara moja tu, akaandika. Hakumgusa mwingine yeyote. Mbaraka alikuwepo, kikapu cha ndugu yake mkononi. Aliposikia kinatakiwa kibao alirudi kwake mbio, na kabla ya jioni alileta kipande cha ubao wa mtumbwi, kimepigwa randa, kina matundu saba. Hilo la Dominika alilichoma moto likawa jeusi. Na la Ijumaa pia alilichoma. "Pale iko watu wangu vilevile," alisema.

Padri alifika Jumanne mchana akakuta kanisa tupu. Mbuzi yuko hai, amefungwa. Ukutani kijiti kilikuwa mahali pake, Jumanne, bila kosa; Ludoviko alikihamisha alfajiri kabla ya wote kushuka tena kambini. Aliita, hakuna aliyeitika, mpaka aliposikia jembe likigongwa kutoka chini, upande wa maji, akaifuata sauti. Aliwakuta nje ya ua wa kambi wakipika, wanawake kwa wanaume, wamechanganyika. Ludoviko alikuwa amelikariri jibu kwa siku nzima, lakini padri alipofika alikuwa ameshika upande mmoja wa sufuria ya moto, na aliposhusha sufuria padri alikuwa amekwisha kuacha kuuliza. Misa ya Noeli ilisomwa pale pale, meza ikiwa imeegemezwa kwenye miti ya ua, ili walio ndani waone.

Nyabenda aliishi kambini miezi kumi na minne. Sindano zilimfifisha jicho moja, usingizi haukumwacha. Lakini kila alfajiri aliyoamka alijikokota mpaka kwenye nguzo ya katikati akahamisha kijiti, na watu waliotoka kwenye vibanda vyao bila kujua kama ni asubuhi au jioni walipita hapo kwanza. Binti ya Mama Pelajia aliwakusanya Wakristo kwenye tundu jeusi la kwanza. Waislamu walitazama la sita. Na kila Jumamosi Yustina aliposhuka na kaya ya zamu kuleta chakula, swali lake la kwanza kwenye ua lilikuwa lile lile: "Leo ni siku gani, mzee?" Akijibu vizuri, alimpitishia mawese. Akikosea, alimpitishia vilevile, akamcheka.

Zilikuja asubuhi ambazo hakuamka. Siku ya kwanza ya namna hiyo, alipofumbua macho jua likiwa limekwisha kuinama, alijaribu kusimama kwa hofu ile ya zamani. Asmani, ndugu yake Mbaraka, alikuwa amekaa mlangoni mwa kibanda, akisuka wavu kwa vidole vilivyotetemeka.

"Kaa, mzee," alisema. "Nimekihamisha mimi. Na kesho ukilala, atakihamisha yule binti, tumekwisha kupatana. Leo Alhamisi."

Nyabenda alitazama nguzo kwa jicho lake zima. Kijiti kilikuwa kwenye Alhamisi. Alilala tena, bila haraka, na kule juu Gatete, siku tatu baadaye, jembe lilipogongwa, watu wa ndani na wa nje ya ua walisimama pamoja kusali.